Mary I au Elizabeth I: ukilazimika kumchagua mmoja

Ukisoma historia ya Uingereza ya karne ya 16, hufika siku ukatakiwa uchague: insha yako iwe juu ya Mary I, au juu ya mdogo wake Elizabeth I? Wengi humkimbilia Elizabeth. Jina lake limeenea kila mahali, alikaa kwenye kiti cha enzi miaka 44, meli zake ziliirudisha nyuma Hispania mwaka 1588, na vitabu vilivyoandikwa juu yake havina idadi. Mary alitawala miaka mitano na miezi michache, na kwa watu wengi jina lake ni moto tu. Nimewasoma wote wawili kwa muda mrefu, na inaniuma kuona uamuzi huu unavyofanywa kwa pupa. Nitawaweka ubavu kwa ubavu, hasa katika jambo moja: kila mmoja aliwataka raia wake watoe nini kanisani, na alitumia nguvu zipi kukipata.

Baba mmoja, mama mbalimbali

Wote ni mabinti wa Henry VIII. Mary alizaliwa tarehe 18 Februari 1516, mama yake akiwa Catherine wa Aragon, aliyetoka katika ukoo wa kifalme wa Hispania. Elizabeth alizaliwa tarehe 7 Septemba 1533, mama yake Anne Boleyn. Ili amwoe Anne, Henry alitaka ndoa yake na Catherine itanguliwe. Papa alipokataa, mfalme alijitenga na Roma, na mwaka 1534 bunge likamtambua kuwa Mkuu wa Kanisa la Uingereza.

Bila hilo huwaelewi mabinti hawa. Kama Papa alikuwa na haki, Mary ni mtoto wa ndoa na Elizabeth ni mtoto wa nje. Kama Henry alikuwa na haki, mambo yanageuka. Kila mmoja alipoulizwa anaamini nini, alikuwa anaulizwa pia kama mama yake alikuwa mke au kimada. Baada ya Anne kukatwa kichwa Mei 1536, sheria iliwatangaza wote wawili kuwa si watoto halali. Mwaka 1544 bunge liliwarudisha kwenye mstari wa urithi, lakini doa lile halikufutika.

Juni 1536, Mary akiwa na miaka 20, alibanwa mpaka akatia saini karatasi ya kukiri kwamba baba yake ndiye Mkuu wa Kanisa na kwamba ndoa ya mama yake ilikuwa haramu. Mama huyo alikuwa amefariki Januari mwaka huohuo. Iweke akilini saini hiyo, nitairudia.

Tazama sasa kila mmoja alivyofanya alipoishi chini ya serikali ya dini asiyoitaka. Enzi za mdogo wao Edward VI, aliyelelewa Kiprotestanti, Mary alikatazwa misa. Machi 1551 aliingia London juu ya farasi, na kila mtu katika msafara wake alibeba rozari waziwazi. Elizabeth naye, Mary alipokuwa malkia, aliomba afundishwe imani ya Kikatoliki, na Septemba 1553 akakubali kwenda misa. Njiani alilalamika kwa sauti kwamba tumbo linamuuma. Mary aliitembeza rozari barabarani. Elizabeth alifika kanisani, lakini watu wa dini yake walipata habari za tumbo lake.

Kukipata kiti

Hapa Mary ana hadithi bora zaidi, na hushangaa kuona inavyorukwa. Edward alifariki tarehe 6 Julai 1553 akiwa na miaka 15, na kabla ya kufa alikuwa ameandika waraka wa kuwanyima dada zake urithi. Lady Jane Grey, jamaa yao Mprotestanti, akatangazwa malkia tarehe 10 Julai. Baraza, hazina, ngome ya Tower na bandari ya London vyote vilikuwa mikononi mwa watu wa Jane. Mary alikimbilia mashariki, akajikusanyia watu katika ngome ya Framlingham huko Suffolk, na waliomfuata hawakuwa Wakatoliki peke yao. Wengi walimfuata kwa sababu alikuwa binti wa Henry na sheria ilikuwa upande wake. Ilipofika tarehe 19 Julai, baraza lilelile la London lilikuwa limebadili upande na kumtangaza yeye.

Alivikwa taji tarehe 1 Oktoba 1553, mwanamke wa kwanza Uingereza kutawazwa atawale kwa haki yake mwenyewe. Mwaka uliofuata bunge lake lilipitisha sheria iliyosema wazi kwamba mamlaka ya malkia ni yaleyale ya mfalme. Elizabeth aliikuta sheria hiyo iko tayari. Aliletewa habari za ufalme akiwa Hatfield tarehe 17 Novemba 1558, siku aliyokufa dada yake, bila mtu yeyote kuchomoa upanga. Anayeandika kwamba Elizabeth aliwafundisha Waingereza kutawaliwa na mwanamke amemsahau aliyepita njia hiyo kabla yake.

Mary: magoti ya bunge na mkono wa Cranmer

Mary alianza kwa tahadhari. Cheo cha Mkuu wa Kanisa hakukiamini, lakini alikitumia kuanza kazi ya kukiondoa. Mwishoni mwa 1553 bunge lilifuta sheria za dini za Edward, na ibada zikarudi kama zilivyokuwa mwaka baba yake alipofariki. Kilichokuwa kigumu ni ardhi. Kati ya 1536 na 1540 Henry alifunga nyumba za watawa zipatazo 800, na mashamba yake mengi yalikwisha uzwa au kugawiwa kwa mabwana wakubwa, Wakatoliki wakiwemo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kuyarudisha.

Kadinali Reginald Pole alipofika Novemba 1554 akiwa balozi wa Papa, mapatano yalikuwa haya: Uingereza irudi kwa Papa, na ardhi ibaki kwa walioinunua. Tarehe 30 Novemba wabunge walipiga magoti wakaondolewa dhambi ya kujitenga. Mashamba hawakuyatoa. Nampa Mary sifa kwa hatua hiyo, maana ilimuuma, na bado aliikubali. Mtu anayemwita malkia asiyejua siasa aangalie tena mwaka huo wa 1554.

Kisha ukaja mwaka 1555. Sheria za zamani dhidi ya uzushi zilirudishwa, na tarehe 4 Februari John Rogers alichomwa moto Smithfield, London. Katika muda usiofika miaka minne walichomwa watu wapatao 280. Maaskofu wanatajwa zaidi, Hugh Latimer na Nicholas Ridley waliokufa pamoja Oxford mnamo Oktoba 1555, lakini wengi wa waliokufa walikuwa watu wa kawaida: wafumaji, mafundi, vibarua, na wanawake zaidi ya 50. Wengi walitoka London, Kent, Essex na Sussex. Baadhi yao walikuwa vijana ambao katika maisha yao hawakuwahi kuona Uingereza iliyokuwa chini ya Papa. Waliambiwa warudi mahali ambapo hawakuwahi kukaa.

Nikiambiwa nichague siku moja tu ya kuueleza utawala huu, nitachukua tarehe 21 Machi 1556. Thomas Cranmer, Askofu Mkuu wa Canterbury aliyeondolewa, ndiye aliyeitangua ndoa ya mama yake Mary mwaka 1533. Gerezani Oxford alivunjika moyo akatia saini karatasi kadhaa za kuikana imani yake. Kwa kawaida mzushi aliyetubu alinusurika kifo. Mary alikataa, Cranmer lazima afe. Asubuhi hiyo alisimamishwa katika kanisa la St Mary's ili atubu mbele ya watu, na mambo yakageuka: alizikana zile karatasi zenyewe. Akasema mkono wake wa kulia ndio uliokosa kwa kuandika yaliyo kinyume cha moyo wake, kwa hiyo ndio utakaoungua kwanza. Alipofikishwa kwenye moto aliunyoosha ndani ya miali, na watu waliona.

Ilikuwa ukatili, na ilikuwa kosa la kisiasa pia. Cranmer aliye hai, na saini yake mkononi mwa serikali, angewakatisha tamaa Waprotestanti kuliko moto wowote. Na aliyemnyima nafasi ni mwanamke ambaye mwaka 1536 alitia saini yake mwenyewe kinyume cha moyo, akaachwa aishi. Kila nikifika hapa nasimama. Mary alijua kwa mwili wake saini ya kulazimishwa ina thamani gani. Labda ndiyo sababu hakuiamini ya Cranmer.

Elizabeth: sentensi mbili kwa mkate mmoja

Elizabeth alitoa ishara mapema. Siku ya Krismasi 1558 alimwagiza Askofu Oglethorpe asiinue hostia, yaani mkate wa komunyo, katika misa. Askofu aliinua, na malkia akaondoka kanisani. Lakini ishara haitoshi kubadili dini ya nchi, na kazi yenyewe ilifanyika bungeni mwaka 1559.

Kwanza cheo. Baba yake aliitwa Mkuu wa Kanisa, yeye akaitwa Gavana Mkuu. Kwa Mkatoliki, mkuu wa Kanisa ni Papa. Kwa Mprotestanti mkali, ni Kristo. Na kwa wanaume wengi wa zama zile, mwanamke hawezi kuwa mkuu wa Kanisa hata kidogo. Neno moja liliwaondolea wote hao sababu ya kupiga kelele, na madaraka yakabaki yaleyale.

Pili, Kitabu cha Sala. Hapa ndipo nampendea Elizabeth kama fundi. Mwaka 1549 kitabu cha Edward kilimwelekeza padri amwambie anayekomunika kwamba anapewa mwili wa Bwana Yesu Kristo uliotolewa kwa ajili yake. Kitabu cha 1552 kilitupa maneno hayo, kikaweka mengine: twaa, ule hiki, ukikumbuka kwamba Kristo alikufa kwa ajili yako. La kwanza linamruhusu mtu aamini kwamba Kristo yumo katika mkate. La pili linafanya mkate kuwa kumbukumbu. Kitabu cha 1559 kiliyaunganisha, moja baada ya jingine, yatamkwe yote mawili kwa kila mtu aliyenyoosha mkono. Bibi kizee aliyekulia kwenye misa alichukua sentensi ya kwanza, mwanafunzi aliyerudi kutoka uhamishoni Geneva akachukua ya pili, nao walikuwa wamepiga magoti pamoja.

Haikupita kirahisi. Sheria ya ibada moja ilishinda katika Baraza la Mabwana kwa tofauti ya kura tatu, na hakuna askofu aliyeiunga mkono. Wawili kati yao walikuwa wamefungwa Tower wakati huo, na hesabu ya kura isikufanye usahau hilo. Karibu maaskofu wote wa Mary walikataa kiapo cha kumtambua Gavana Mkuu wakapoteza vyeo. Mapadri wa parokia, wengi mno, walibaki kazini na kusoma walichopewa kusoma.

Raia alitakiwa nini? Ahudhurie kanisani siku ya Jumapili. Asipohudhuria, faini ni peni 12. Francis Bacon, mwanasiasa na mwanafalsafa, aliieleza baadaye sera hiyo kwa kusema malkia hakupenda kufungua madirisha ya mioyo ya watu. Maneno hayo ni ya Bacon, na wengi huyaweka kinywani mwa Elizabeth kwa makosa. Ukiyatumia, mtaje mwenyewe.

Mpangilio huu bado unaishi hata pwani yetu. Mwanglikana wa Mkunazini, Unguja, aliyezoea ubani na mavazi ya altare, na Mwanglikana wa Mombasa aliyelelewa na wamisionari wa ibada isiyo na mapambo, wote ni warithi wa kitabu kilichosema sentensi mbili kwa pumzi moja. Mwaka 1913, baada ya mkutano wa wamisionari uliofanyika Kikuyu, Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliwashtaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa uzushi, kwa sababu walishiriki meza ya Bwana na Waprotestanti wa makanisa mengine. Mambo ambayo Elizabeth aliyaacha bila kuyaamua yalifika mpaka kwetu yakiwa bado hayajaamuliwa.

Uzushi kwa mmoja, uhaini kwa mwingine

Usiondoke na picha ya malkia mpole. Mwaka 1569 mabwana wa kaskazini waliasi, na baada ya uasi kuzimwa, watu wadogo walinyongwa kwa mamia. Februari 1570 Papa Pius V alitoa waraka wa kumtenga Elizabeth na kuwaondolea raia wake wajibu wa kumtii. Kwa Wakatoliki wa Uingereza waraka huo ulikuwa balaa. Tangu hapo kila rozari ilionekana kama bendera ya adui. Mwaka 1581 faini ya kukwepa kanisa ilipanda mpaka pauni 20 kwa mwezi, kiasi ambacho kingeweza kuiangusha familia tajiri. Mwaka huohuo, tarehe 1 Desemba, Mjesuiti Edmund Campion alinyongwa na kukatwakatwa Tyburn, London. Sheria ya 1585 ilifanya kuwa uhaini kwa padri aliyewekwa wakfu ng'ambo kuwemo tu nchini.

Na mwanamke wa kukumbuka hapa ni Margaret Clitherow, mke wa mchinja nyama wa York, aliyeshtakiwa kwa kuwaficha mapadri. Alikataa kujibu mashtaka, hivyo hakukuwa na kesi ambayo watoto wake wangelazimishwa kutoa ushahidi. Adhabu ya kukataa kujibu ilikuwa kulazwa chini ya mlango na kurundikiwa mawe mpaka mtu afe. Alikufa hivyo tarehe 25 Machi 1586.

Wakatoliki waliouawa kwa sheria hizi chini ya Elizabeth hawafiki 200, wengi wao mapadri, na wengi baada ya 1580. Waprotestanti wakali nao hawakusalimika. Askofu Mkuu Edmund Grindal alisimamishwa kazi mwaka 1577 kwa kukataa kupiga marufuku mikutano ya mahubiri, na mwaka 1593 Henry Barrow na John Greenwood, waliotaka makanisa yaliyo huru na serikali, walinyongwa.

Tofauti iko kwenye jina la kosa. Mary alimwuliza mtu anaamini nini juu ya mkate wa altare. Elizabeth, kupitia mahakimu wake, alimwuliza kama Papa akituma jeshi atasimama upande gani. Kwa aliyekuwa miguuni pa mnyongaji ilikuwa tofauti ndogo. Kwa jirani aliyekuwa anatazama ilikuwa kubwa: wa kwanza alionekana anakufa kwa ajili ya Mungu, wa pili serikali iliweza kumtangaza kibaraka wa Hispania.

Ndoa, mrithi na muda

Hili nitalipitia haraka, maana limeandikwa sana. Mary aliolewa na Philip wa Hispania tarehe 25 Julai 1554, huko Winchester. Mkataba wa ndoa ulimbana Philip vilivyo, lakini habari za ndoa hiyo tu zilikuwa zimeshachochea uasi ulioongozwa na Thomas Wyatt mapema mwaka huo, uasi uliompeleka Elizabeth Tower na Jane Grey kwenye kifo. Vita ya Philip dhidi ya Ufaransa iliifanya Uingereza ipoteze Calais, mji wake wa mwisho huko Ufaransa, Januari 1558. Kibaya zaidi kwa malkia Mkatoliki kama yeye, Papa Paul IV alikuwa adui wa Philip. Mwaka 1557 alimvua Pole cheo cha balozi wake na kumwita Roma akajibu tuhuma za uzushi, na Mary akakataa kumwachia aende.

Elizabeth hakuolewa. Hatari yake ilikuwa binamu yake Mary wa Uskoti, Mkatoliki na mrithi wa karibu, ambaye Elizabeth alimweka kizuizini miaka 19 kabla ya kumkata kichwa Februari 1587.

Lakini kilichoamua zaidi ni umri. Mary alidhani ana mimba mwaka 1555, na mtoto hakuja. Alifariki akiwa na miaka 42, na Pole akafuata saa chache baadaye. Elizabeth aliishi mpaka 69. Kama Mary angeishi hivyo, angetawala hadi 1585, na kizazi kizima kingekua bila kuijua dini nyingine. Mwanafunzi anayesema Ukatoliki wa Mary uliangushwa na moto wa Smithfield aeleze kwanza kwa nini kaburi la Mary peke yake halitoshi kuwa sababu.

Na kaburi lenyewe lipo Westminster Abbey. Wamelazwa pamoja, jeneza la Elizabeth juu ya jeneza la Mary. Sanamu iliyochongwa juu yake ni ya Elizabeth peke yake. Mary ametajwa kwenye maandishi tu, kwamba hapa wamelala dada wawili walioshirikiana kiti na kaburi, wakitumaini ufufuo.

Uchague nani?

Kama nafasi yako ni ndogo, maneno 3,000 au chini ya hapo, mchague Mary. Miaka mitano inashikika, kila tukio linagusa jingine, na unaweza kuijenga hoja yako bila kukimbiakimbia. Mimi mwenyewe ningemchukua yeye, kwa sababu bado amehukumiwa kwa ushahidi wa waliomshinda. Kitabu kikubwa cha John Foxe juu ya wafia dini wa Kiprotestanti kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1563, Elizabeth akiwa madarakani, na sura ya Mary tunayoijua imetoka humo kwa sehemu kubwa.

Kama unachotaka ni kueleza jinsi mtawala anavyoachia jambo la dini likae bila kumalizwa na bado akatawala, mchague Elizabeth. Ila usijaribu kubeba miaka yote 44. Kata kipande: 1558 hadi 1559, au 1570 hadi 1585.

Na ukiniuliza ningependa kuishi chini ya nani, nikiwa mkulima wa kawaida nitasema Elizabeth bila kusita. Nikiwa padri, au mfumaji mwenye Biblia ya Kiingereza chini ya godoro, ningetafuta meli.

Ukimchukua Mary, anza na Framlingham Julai 1553, msomaji awaone Waprotestanti wakimshangilia, ndipo umpeleke Smithfield. Ukimchukua Elizabeth, anza na zile kura tatu na wale maaskofu wawili waliofungwa, kisha upitie York, kwenye ule mlango na yale mawe, kabla hujafika kwenye meli za 1588.